Siku Baba Alipoinua Pua ya Pikapu

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alinipeleka Kitale kununua mbegu, na tulipomaliza akasema tupitie gereji moja kidogo, hatutakawia. Kijana akisema hatakawia, mama yake hutafuta mahali pa kukaa. Nilikaa juu ya tairi kuukuu, mkoba magotini, nikamtazama fundi akimwagia mafuta nati za magurudumu ya mbele. Pikapu ya mwanangu bado inang'aa. Sikuuona ugonjwa wake.

"Sasa hii mnaitengeneza nini na haijaharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika, mathe. Ni mbele imelala. Naiinua inchi mbili tu ikae level na nyuma. Cheki vile iko, ni kama inasujudu."

"Kwani kusujudu kuna ubaya gani?"

Fundi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Akafungua sanduku dogo, akatoa ringi mbili nyeusi, nzito, safi kama sahani za wageni, za kuwekwa juu ya springi. Kisha akaingia chini ya gari, akagonga kitu mara tatu, na vumbi likashuka pamoja na harufu ya grisi iliyozeeka na chuma chenye kutu. Harufu hiyo ilinikuta sijajiandaa. Sikuwa tena mama wa watu mwenye magoti yanayouma. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nimejificha nyuma ya ghala la mahindi, nampeleleza baba yangu mzazi.

Tulikuwa tukiishi upande wa Tongaren, kwenye shamba la mahindi. Baba alikuwa shemasi kanisani, mtu wa maneno machache, ambaye akiokota msumari njiani aliuliza nyumba tatu kabla ya kuutia mfukoni. Pikapu yake ilikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nyuma ilikuwa na springi ngumu za kubebea magunia, na mbele springi zilikuwa zimechoka, kwa hiyo ikiwa tupu ilisimama kama ng'ombe anayekunywa mtoni, pua chini, makalio juu. Watoto wa shule waliiita Ng'ombe. "Nekesa! Ng'ombe wa baba yako ameshiba maji?" waliniuliza kila asubuhi, nami kila asubuhi niliwatupia kitu.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka hofu ya siku zile. Kahawa ilikuwa ikivushwa mpaka kwa siri, na kila kijiji kilikuwa na mtu mmoja aliyeezeka mabati mapya bila maelezo. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, mzee mwembamba aliyefundisha jicho moja likiwa limefumbwa, alitufundisha juu ya dhambi hiyo kuliko alivyotufundisha juu ya gharika. Alisema magendo huanza na gari. Mwenye magendo hulitengeneza gari lake lisionyeshe mzigo. Hufunika dirisha la nyuma. Na ukimuuliza amebeba nini, hakujibu. "Mkiona hivyo, watoto, hata kama ni baba yako mzazi, mwombee." Nilikuwa mtoto wa kukariri, na hilo nalo nililikariri.

Lililoanza ni karai. Siku moja baada ya chakula cha mchana Baba alichukua karai la kufulia, akalijaza maji, akalipandisha nyuma ya pikapu. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ukingo wa karai, akayatazama maji kwa muda mrefu. Yalikuwa yamekusanyika upande wa mbele kama watu wanaosukumana mlangoni. Akashusha pumzi, akayamwaga. Kisha, na hapa ndipo nilipoingia nyuma ya ghala vizuri zaidi, akapanda yeye mwenyewe, akalala chali juu ya kile chuma, kichwa upande wa kabini, mikono kifuani. Alilala hivyo macho wazi, mtu mzima, shemasi. Kuku akaruka ndani, akampita, hakumfukuza. Baadaye akageuka, akalaza miguu upande wa kabini, akajisukuma kidogo kama mtu anayeteleza. Akaketi na kuanza kujisugua nyonga. Halafu akatikisa kichwa.

Nilikimbia kwa Mama. Mama alikuwa amerudi siku chache nyuma kutoka kwao, karibu na Mabanga, ambako alikaa juma zima kwa mama yake. Nyanya huyo tulimwita Kukhu, kama wanavyoitwa akina nyanya wote huku kwetu.

"Mama, Baba amelala ndani ya gari mchana."

"Amechoka."

"Mbona asilale kitandani?"

"Nekesa, kachote maji."

"Na Kukhu hajambo? Hukuleta hata ndizi safari hii."

"Anapumzika," akasema, akainamia sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kutazamwa.

Ningepaswa kulishuku neno hilo. Kukhu hakuwa mtu wa kupumzika. Alipalilia maharagwe mpaka nilidhani maharagwe yanamwogopa. Lakini shuku zangu zote nilikuwa nimezitumia kwa Baba.

Juma hilo hilo Mama alianza kushona godoro. Si godoro la kawaida. Lilikuwa refu na jembamba, na Baba alikuja na utepe wa cherehani akalipima, akaenda kupima pikapu, akarudi akalipima tena. Mama alijaza ndani maganda makavu ya mahindi, laini, aliyoyachagua moja moja.

"Godoro la nani?"

"La mgeni."

"Mgeni gani mwembamba hivyo?"

"Nekesa, kachote maji."

Mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Mama alipotoka niliubonyeza ule mwisho wa godoro ambao alikuwa ameuacha bila kushonwa. Maganda yakalia chwa, chwa. Nikawaza punje za kahawa zingelia vipi humo. Tundu lile lililoachwa wazi nililijua kazi yake. Nilimhurumia Mama, maana niliona naye ameshaingizwa.

Kisha pazia. Baba alichukua kipande cha kitambaa cha buluu, akakipigilia juu ya dirisha la nyuma la kabini, kwa ndani, mpaka chini. Kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma akakigeuza kikatazama paa. Siku kadhaa aliendesha hivyo kwenda sokoni, akitoa kichwa nje ya dirisha kila alipotaka kurudi nyuma, kama mbuzi ndani ya kikapu. Majirani walimuuliza, "Shemasi, mbona umeziba macho ya gari?" Naye akajibu, "Ni sawa tu." Nililala na jibu hilo. Gari lililofunikwa dirisha, na mtu anayeulizwa asijibu. Ilikuwa imebaki dalili moja, na nikamwomba Mungu isije.

Ikaja Jumatano. Shule zilikuwa zimefungwa na Baba akanichukua kwenda Kitale. Tulifika kwa fundi mmoja aliyeitwa Masinde, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyefanya kazi chini ya mabati matupu yaliyoshikiliwa na nguzo nne. Siku hizo hatukuwa na vifaa vya kununuliwa ndani ya sanduku. Masinde alikuwa amekata ringi mbili kutoka kwenye bomba nene la chuma, akazisugua, akaziweka juu ya gunia kama mikate.

"Shemasi, lakini niambie," alisema akizungusha jeki, "hii mbele unainua ya nini? Watu wote wananiletea niinue nyuma. Mtu ya mahindi anainuanga nyuma, bana."

"Nataka ilale sawa."

"Ilale sawa ikibeba nini?"

Baba alinitazama, kisha akaitazama mikono yake. "Mzigo ambao hautakiwi kutikisika."

"Ni mayai?"

"Si mayai."

Masinde aliiacha jeki. Akasogea, akashusha sauti, lakini hakujua nimekuja na masikio ya aina gani. "Shemasi. Ati hata wewe umeingia?"

Nilingoja Baba akane. Alikuwa mtu ambaye angekataa kwa sauti hata kusifiwa bila haki. Akatazama viatu vyake. "Wewe kaza vizuri tu, Masinde," akasema.

Nimeuona mkono wa Mungu mara nyingi tangu siku hiyo, na nimeyaona makaburi pia, lakini maneno yale bado nayasikia.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Masinde aliweka magogo chini ya chesi, ile mifupa ya chini ya gari, akatoa gurudumu, akaifunga springi kwa mnyororo mara mbili ili isiruke. "Msichana, simama mbali huko. Hii ikiruka haiulizi jina." Akafungua nati moja baada ya nyingine, akiongea nazo kwa Kibukusu, akiwatukana waliozifunga. Mkono wa chuma ulishuka polepole, springi ikatoka, nyeusi, imejaa matope ya barabara zetu zote. Aliipaka grisi juu, akaweka kipande cha mpira alichokikata kwenye tairi, juu yake ile ringi, kisha akairudisha springi mahali pake kwa kuisukuma na jeki, akihema. Halafu upande wa pili vivyo hivyo. Baba alishika kila alichoambiwa ashike. Hakuketi hata mara moja. Niliona jinsi alivyojali, nikazidi kuogopa. Kwa mahindi hakuwahi kujali hivyo.

Gari liliposhushwa, Ng'ombe aliinua kichwa. Mafundi wa jirani waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akapiga mluzi.

"Sasa hapo," Masinde akasema, "hata ukibebea Mlima Elgon huko nyuma, askari atasema iko tupu."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Baba aliomba karai la maji.

"Ai! Mzee, unapima gari ama unataka kunawa?"

Baba alilipandisha karai, akachuchumaa, akatazama. Maji yalikuwa yamelala sawa pande zote, kama maji ya kisimani asubuhi. Hapo Baba akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lake kwa karibu wiki tatu, na liliniumiza kuliko yote yaliyotangulia, kwamba mtu anaweza kuifurahia dhambi kiasi hicho.

Njiani nilifumba macho.

"Umenyamaza, mama," akaniambia. Aliniita hivyo, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Nasali."

"Vizuri. Sali sana. Kesho kutwa tuna safari."

"Ya wapi?"

"Bungoma."

"Kuleta nini?"

Alikohoa. Akatoa kichwa dirishani kama anatazama gurudumu. "Utajua tukifika."

Kwangu Bungoma ilikuwa njia ya mpakani. Nikawa nimemaliza kesi yangu.

Pikapu ilikuwa na ufunguo mmoja tu, umefungwa kwa kipande cha ngozi, na ulitundikwa kwenye msumari karibu na kalenda. Alhamisi jioni, nilipotumwa kufungia kuku, niliuchukua nikausukuma chini ya kuku mwekundu aliyekuwa akiatamia mayai. Alinidona mkono mara mbili. Niliyahesabu maumivu yale kama mateso ya haki.

Safari ilikuwa ianze saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili ufunguo haukuwapo. Saa moja Mama alikuwa amekwisha pindua vitanda. Saa moja na nusu Baba alikuwa akipita uani na fimbo akipekua majani, na nilimwona akisimama kila mara kulitazama jua. Mama alianza kulia bila sauti. Hilo lilinitikisa, lakini nikajikumbusha kwamba wanaozuiwa dhambi hulia.

Saa mbili Baba alisema tuingie ndani tuombe. Nyumbani kwetu maombi ya asubuhi yalikwenda kwa zamu, mkubwa kwa mdogo, na hakuna aliyeruhusiwa kuiruka zamu yake.

"Leo ni nani?"

Ilikuwa mimi.

"Nekesa, ombea ufunguo uonekane."

Tulisimama tukifumba macho. Nilikuwa nimepanga kunyamaza hadi mwisho, na kunyamaza ningeweza. Lakini kumdanganya Mungu nikiwa nimefumba macho, mbele ya watu, huko hakuna aliyenifundisha. Niliombea mvua. Niliombea wagonjwa wote. Niliombea wafalme. Maneno yakaisha. Ndipo niliposikia sauti yangu ikisema, "Na ule ufunguo, Bwana, usiwaonyeshe. Usimwache Baba aende kubeba kahawa kwenye lile godoro. Msamehe kwa kuwa alikuwa mtu mzuri. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina. Nilifungua jicho moja. Baba alikuwa amefungua yote mawili. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akatazama chini, akatoka nje, akaenda kusimama mbali, karibu na ng'ombe wa kweli.

Mama ndiye aliyenishika bega. "Kahawa? Nekesa, kahawa gani? Ni Kukhu! Kukhu alianguka akitoka kuteka maji. Amevunjika nyonga. Wiki ya tatu hii hawezi hata kukaa. Kuna daktari wa mifupa anayekuja Kitale siku moja kwa mwezi, na siku yenyewe ni leo!"

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekuambia vipi na baba yako yuko hapo? Nyonga ya mkwe ni kitu cha mwanamume kusikia ikitajwa na mtoto?"

Wenzangu mnaelewa, na wengine wenu bado mnaishika heshima hiyo. Mkwe na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Kanisa lilikuwa limelegeza mengi kwetu, lakini hilo halikulegea. Baba hakuweza kumkalisha Kukhu kabini karibu naye, hata kama angeweza kukaa. Hakuweza kumwona amelala, ndiyo maana ya pazia na kile kioo kilichogeuzwa. Na hakuweza kumwambia fundi wala jirani kwamba anaupima mwili wa mama mkwe wake alazwe vipi. Kwa jinsi gari lilivyokuwa limeinama, akilazwa kichwa mbele, damu ingemshukia kichwani safari nzima. Akilazwa miguu mbele, kila breki ingemsukuma juu ya mfupa uliovunjika. Baba alikuwa amelijaribu hilo kwa mwili wake mwenyewe, nami nilikuwa nyuma ya ghala nikimhesabia dhambi.

"Uko chini ya kuku mwekundu," nikasema.

Baba alienda mwenyewe. Alirudi na ufunguo na alama ya damu kwenye kifundo cha mkono. Nilijua fimbo inakuja. "Panda nyuma," akasema. "Utahitajika."

Mabanga, upande huo huo wa Bungoma, tulifika karibu saa tano. Baba aliegesha, akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ua wa michongoma, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo. Wanawake walimtoa Kukhu juu ya mlango uliong'olewa bawaba. Alikuwa amepungua. Miguu yake ilikuwa midogo kama ya mtoto wa shule, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu la jana. Walimlaza kwenye godoro la maganda, nalo likamkubali kana kwamba lilikuwa likimngoja. Mama akaongeza maganda kwenye lile tundu la mwisho, akalishona. Wakafunga turubai juu dhidi ya jua. "Tayari!" Mama akapaza sauti, na Baba akaja akitazama ardhi, akaingia kabini.

Mama alikaa miguuni pa Kukhu. Mimi nilikaa mbele kabisa, kwenye kona ya upande wa dereva, na hapo nikajua kwa nini nilihitajika.

"Nekesa," sauti ya Baba ilitoka dirishani mwake baada ya shimo la kwanza, "muulize Kukhu kama ameumia."

Kati yao hapakufika hata urefu wa mpini wa jembe. Lakini nikainama. "Kukhu, Baba anauliza kama umeumia."

"Mwambie baba yako sijaumia. Mwambie hata uji wangu haujamwagika."

"Baba, Kukhu anasema hajaumia, hata uji haujamwagika."

"Mwambie nashukuru."

Tulikwenda hivyo. Baiskeli zilitupita. Huko Webuye, harufu ya kiwanda cha karatasi ilipotuingia, Kukhu alijifunika pua na leso. "Mwambie baba yako hapa tusisimame kusalimia watu." Nilipolipeleka hilo, bega la Baba lilitikisika dirishani. Baada ya hapo, barabara ilipoanza kupanda, Kukhu akasema tena, "Nilisikia gari lake linaitwa Ng'ombe. Mwambie huyu ng'ombe amefunzwa adabu." Nadhani siku hiyo walizungumza kuliko walivyozungumza tangu Mama aolewe, na kila neno lilipita kinywani mwangu. Nilifurahi kwa muda, mpaka nilipoona Mama akilitazama jua.

Tulifika kwenye lango la hospitali ya Kitale saa tisa. Muuguzi alikuja, akainua turubai, akamgusa Kukhu paji la uso. "Mama, pole sana. Daktari wa mifupa ameondoka saa nane. Angalau mngekuja mapema kidogo. Tutampa kitanda, lakini kumwona ni mwezi ujao."

Niseme sasa jambo ambalo siku ile hatukulijua. Daktari alirudi, Kukhu akatibiwa, akatembea tena kwa mkongojo, mguu mmoja ukiwa mfupi kidogo. Aliishi miaka mingi akipalilia maharagwe yake akiwa ameketi. Kama angemwona daktari Ijumaa ile, huenda mguu ungepona sawa, na huenda usingepona. Nimemuuliza Mungu mara nyingi. Nimejifunza kungoja bila jibu, na kushukuru kwa ajili ya mkongojo.

Muuguzi alienda kuita watu wa machela. Tukabaki pale langoni, injini imezimwa. Kukhu alikuwa amefumba macho.

"Nekesa, muulize baba yako. Mimi nilikuwa tayari tangu alfajiri. Tulichelewa kwa nini?"

Baba alikuwa amesikia. Lakini niligeuka dirishani. "Baba, Kukhu anauliza tulichelewa kwa nini."

Niliuona mkono wake ukishika usukani, na ile alama ya kuku kwenye kifundo. Nilijua atakachosema, maana sikuwahi kumsikia akisema kitu ambacho si kweli, na nikajiweka tayari kukisema kwa kinywa changu.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mwambie niliupoteza ufunguo."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi niliushika ubavu wa pikapu. Wiki nzima nilikuwa nimeitafuta dhambi ya baba yangu, na sasa ilikuwa mikononi mwangu, imefika, nami nimetumwa kuibeba.

"Kukhu," nikasema, na machozi yakanitangulia, "ni mimi. Niliuficha chini ya kuku. Nilidhani Baba anaenda magendo."

Kukhu alifungua macho. Alinitazama, kisha akalitazama lile pazia la buluu kwa muda. Alikuwa na masikio mazuri mpaka siku aliyokufa.

"Umetumwa useme hivyo?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi usibadilishe maneno ya watu wazima. Aliyetumwa husema alichotumwa. Sema alichosema."

Nilijipangusa. "Baba anasema ni yeye aliyepoteza ufunguo."

"Haya. Sasa nimesikia." Alininyoshea mkono wake mkavu, akalifuta shavu langu kwa kidole gumba. "Mwambie nimemsamehe."

Niligeuka dirishani. "Baba, Kukhu anasema amekusamehe."

Watu wa machela walikuwa wameshafika langoni aliposema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwake, "Mwambie asante."

Nikageuka tena, nikamwambia.